Leza, Mafuta ya Kiunoni na Kibali cha FDA

Ukiweka kipande cha mafuta ya mwilini chini ya hadubini, huoni mafuta yaliyomwagika ovyo. Unaona vifuko vilivyosongamana. Kila kifuko ni seli hai, na ndani yake mna tone moja kubwa la mafuta lililoijaza seli karibu yote, hata kiini chake kimesukumwa pembeni kikabanwa ukutani. Seli iliyoshiba hufika upana wa sehemu ya kumi ya milimita. Tukila kuliko tunavyotumia, tone huvimba. Tukitumia kuliko tunavyokula, tone hunywea.

Idadi ya vifuko hivi ina historia yake. Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliopima kaboni-14 iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kisha ikaingia katika miili ya watu. Kwa kipimo hicho waliweza kukadiria umri wa seli za mafuta. Walikuta kwamba idadi yake hupangwa utotoni na ujanani, na mtu mzima hubaki nayo karibu ileile, ingawa kila mwaka kiasi cha asilimia 10 hufa na kuzaliwa nyingine. Hata waliopungua uzito sana hawakupoteza seli. Vifuko vilibaki, ila vilikuwa na mafuta machache.

Kwa hiyo anayetaka kuondoa nyama uzembe za kiunoni ana njia mbili kuu: kuvimwaga vifuko, au kuviua. Chakula na mazoezi humwaga, lakini humwaga mwili mzima, na mwili wenyewe ndio unaoamua uanzie wapi. Mashine za leza zinauza kitu tofauti, nacho ni uwezo wa kuchagua mahali. Dai hilo ndilo lililopelekwa mbele ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, na ndilo lililopewa vibali ambavyo leo tunaviona vikitajwa katika matangazo mitandaoni. Ili kujua vibali hivyo vinasema nini, inatubidi kwanza tujue mwanga unaweza kufanya nini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu inafuta dhana moja kubwa. Gramu moja ya mafuta hubeba takribani kilokalori 9. Tuseme kichwa kimoja cha leza kinamwaga wati 30 za mwanga mwilini kwa dakika 25 mfululizo. Dakika 25 ni sekunde 1,500. Zidisha kwa 30, unapata jouli 45,000. Kilokalori moja ni jouli 4,184, kwa hiyo nishati yote iliyoingia haifiki kilokalori 11, yaani nishati iliyomo katika gramu moja na kidogo ya mafuta. Neno “kuchoma mafuta”, likitumiwa kwa leza, haliwezi kuwa na maana ile ya mwili kutumia mafuta kama nishati. Hakuna mashine ya kliniki inayoweza kufanya hivyo kwa mwanga.

Lakini jouli hizohizo, zikitumika kupasha joto, ni nyingi. Kupandisha gramu 200 za mafuta kwa nyuzi 8 za Selsiasi kunahitaji jouli zisizofika 4,000, ukiacha joto linalobebwa na damu inayopita. Leza haina nguvu ya kuunguza akiba ya mafuta, ila ina nguvu tele ya kuidhuru seli inayoitunza. Kila kitu kinachofuata kinatokana na tofauti hii.

Seli huumia kwa joto kwa namna ya ajabu kidogo: kinachohesabika ni joto pamoja na muda. Mwaka 1984 Sapareto na Dewey, waliokuwa wakichunguza matibabu ya saratani kwa joto, waliweka kanuni ambayo bado inatumika. Kipimo chake ni nyuzi 43. Kila ukipanda nyuzi moja juu ya hapo, muda unaohitajika kuleta madhara yaleyale unapungua kwa nusu. Jambo linalochukua dakika 60 katika nyuzi 43 huchukua 30 katika 44, 15 katika 45, na chini ya 4 katika 47. Ndiyo maana mashine inayolenga mafuta kutoka nje hucheza katika kiwango chembamba sana, kati ya nyuzi 42 na 47. Chini ya hapo seli inavumilia; ukizidisha, ngozi na mishipa ya fahamu navyo vinaingia hatarini.

Sasa, mwanga utalijuaje fungu la mafuta na kuiacha ngozi iliyo juu yake? Jibu la msingi lilitolewa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish wa Boston, katika jarida la Science. Kila rangi ya mwanga hufyonzwa zaidi na kitu fulani: melanini ya ngozi, himoglobini ya damu, maji, mafuta. Ukichagua urefu wa wimbi unaofyonzwa na shabaha yako kuliko majirani zake, joto litazaliwa pale unapotaka. Mwaka 2006 Anderson na wenzake walionyesha kwamba katika nanomita 1210 na 1720 mafuta hufyonza mwanga kuliko maji. Kwenye karatasi, hapo ndipo pa kulenga. Tatizo ni kwamba mafuta ya kiunoni yamelala chini ya ngozi, na ngozi imejaa maji, kwa hiyo mwanga wa 1720 huishia juujuu kabla ya kufika kunakotakiwa.

Watengenezaji wengi wakaenda kwenye nanomita 1060 au 1064. Hapo hakuna kinachofyonza kwa nguvu: si melanini, si maji, wala mafuta yenyewe. Udhaifu huo ndio faida. Mwanga unazama kwa kina, unatawanyika, na joto linajengeka polepole chini huku juu ya ngozi ukiwekwa ubaridi. Kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi jambo hili si dogo. Kadiri wimbi linavyorefuka ndivyo melanini inavyofyonza kidogo, na ndiyo sababu hata katika kuondoa nywele leza ya 1064 ndiyo inayopendekezwa kwa ngozi zetu, ilhali leza za wimbi fupi zaidi zinaweza kuacha malengelenge na madoa. Asiyejua wimbi la mashine anayoitumia hana budi kuulizwa kwa nini amekabidhiwa mwili wa mtu.

Tuitazame mashine moja kwa karibu. SculpSure ya kampuni ya Cynosure, iliyopata ruhusa ya FDA mwaka 2015, ina vichwa bapa vya leza ya nanomita 1060, vinavyofungwa tumboni kwa mikanda, hadi vinne kwa pamoja. Uso wa kila kichwa ni baridi. Mteja anahisi ubaridi kwanza, kisha dakika chache baadaye joto linalopanda kutoka ndani, linafika mahali pa kuchoma, linashuka, linapanda tena. Dakika 25 zikiisha vichwa vinafunguliwa na tumbo ni lilelile. Futi ya fundi cherehani haioni tofauti yoyote. Seli zilizoumia zinakufa taratibu, seli za kinga zinameza mabaki, na mafuta yaliyoachwa yanachukuliwa na mwili na kushughulikiwa kama mafuta mengine yoyote. Matokeo hupimwa baada ya wiki 6 hadi 12. Mafuta hayo hayatoki kwa jasho wala kwa mkojo, hata kama mtoa huduma amekuambia hivyo.

Kabla yake ilikuwepo SmartLipo, yenye wimbi la 1064, ambayo FDA iliiruhusu mwaka 2006. Hii haikai juu ya ngozi. Daktari anakata tundu dogo, anapitisha uzi mwembamba wa kioo hadi ndani ya mafuta, na mwanga unayeyusha kwa kugusa; mara nyingi yaliyoyeyuka hufyonzwa nje. Ni upasuaji, una ganzi yake na hatari zake, na kisheria iliingia katika kundi la leza za upasuaji.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Zerona ya kampuni ya Erchonia, iliyoruhusiwa mwaka 2010, hutumia mwanga mwekundu wa nanomita 635 ulio hafifu kiasi kwamba haupashi joto hata kidogo. Kanuni tuliyoijenga hapo juu haiigusi. Nadharia yake ilitokana na kazi ya Rodrigo Neira na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2002, iliyodai kwamba mwanga huo hufungua tundu la muda katika utando wa seli ya mafuta, na mafuta yakachuruzika nje. Picha za hadubini ya elektroni zilitolewa. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti, likiongozwa na Brown, lilirudia uchunguzi na halikuona seli kuharibika kwa namna inayoeleweka. Hivyo mashine ilipofika mezani kwa FDA, namna inavyofanya kazi ilikuwa bado inabishaniwa.

Ikaruhusiwaje basi? Kwa futi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilikuwa na watu 67. 35 walipata leza na 32 walipata mashine geresha, mara sita ndani ya wiki mbili. Walipimwa mzunguko wa kiuno, nyonga na mapaja yote mawili, kisha vipimo vikajumlishwa. Waliopata leza walipungua kwa wastani wa inchi 3.51, wa geresha, inchi 0.684. Waliopungua inchi 3 au zaidi walikuwa asilimia 62.86 upande mmoja na 6.25 upande wa pili. Tofauti ni kubwa, na jaribio lilikuwa na kundi la kulinganisha, jambo la kuheshimiwa. Lakini igawe ile 3.51 kwa sehemu nne zilizopimwa: ni kama sentimita 2.2 kwa kila sehemu. Tena futi hupima mzunguko. Haijui kama kilichopungua ni mafuta, maji au kukaza kwa misuli, na haisemi lolote kuhusu hali baada ya miezi sita. Naona hapo mamlaka ilikubali kipimo chepesi mno kwa dai zito. Hata hivyo kibali chenyewe kilikuwa kinyofu kuliko matangazo yaliyokifuata: kilitaja kupunguza mzunguko wa nyonga, kiuno na mapaja. Hakikuahidi kupunguza uzito.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Kabla ya mwaka 1976 mtengenezaji wa kifaa tiba Marekani kwa kawaida hakulazimika kuionyesha FDA chochote kabla ya kuuza. Kilichovunja utaratibu huo ni Dalkon Shield, kitanzi cha uzazi wa mpango kilichosababisha maambukizi makali ya nyonga, na hata vifo, kwa wanawake waliokiamini. Tarehe 28 Mei 1976 Rais Gerald Ford alitia saini sheria mpya. Vifaa vikagawanywa madaraja matatu kwa kadiri ya hatari yake. Vya daraja la tatu, kama vali za moyo za bandia, hupitia njia ngumu: mtengenezaji lazima athibitishe kwa majaribio kwamba kifaa ni salama na kinafanya kazi. Hapo ndipo FDA huidhinisha.

Leza za mafuta hazipiti njia hiyo. Ziko daraja la pili, na mlango wake wa kawaida ni kifungu cha 510(k). Swali linaloulizwa mlangoni hapo ni jingine kabisa: je, kifaa hiki kinalingana vya kutosha na kifaa ambacho tayari kinauzwa kihalali, kwa matumizi yaleyale, bila kuzusha maswali mapya ya usalama? Jibu likiwa ndiyo, kifaa kinaruhusiwa kuuzwa. Kifaa cha leo kinalinganishwa na cha juzi, cha juzi kililinganishwa na cha miaka kumi nyuma, na mnyororo unaweza kurudi hadi kifaa kilichokuwapo kabla ya Mei 1976 na ambacho hakuna aliyekikagua. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Medtronic dhidi ya Lohr, ilisema wazi kwamba utaratibu huu unatazama ulinganifu, hautazami usalama. Mwaka 2011 jopo la Taasisi ya Tiba ya nchi hiyo lilipendekeza ubadilishwe. Haukubadilishwa.

Siudharau mlango huu. Sindano na maelfu ya vifaa vya kawaida hupita humo, na kudai majaribio makubwa kwa kila kimoja kungekausha hospitali. Kosa ni pale ruhusa ya ulinganifu inapotembezwa sokoni kana kwamba ni uthibitisho. Kanuni za FDA zenyewe zinakataza: kudokeza kwamba kifaa kimepata idhini rasmi kwa sababu tu kimepita 510(k) huhesabiwa kuwa ni kukiuza kwa maelezo ya upotoshaji.

Kifaa kisichofanana na chochote kina mlango wake, uliofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1997 na kuitwa De Novo. Mashine ya kugandisha mafuta ya CoolSculpting ilipita huko mwaka 2010. Si leza, lakini ni jirani wa karibu kisayansi, kwani inatumia udhaifu wa upande wa pili wa kipimajoto. Asubuhi ya baridi mafuta ya nazi huganda chupani ilhali maji ya ndoo iliyo kando yake hayana habari. Vivyo hivyo seli ya mafuta huumizwa na baridi ambayo ngozi inaistahimili. Madaktari walilidokeza tangu mwaka 1970, walipoeleza kisa cha mtoto mchanga aliyevimba shavu baada ya kunyonya barafu ya kijiti.

CoolSculpting inatufundisha jambo jingine, zito. Mwaka 2014, miaka minne baada ya ruhusa, jarida moja la madaktari wa ngozi lilieleza kisa cha mtu ambaye mafuta yake hayakupungua mahali palipogandishwa. Yaliongezeka, yakawa magumu, yakachukua umbo la kichwa cha mashine. Visa vingine vikafuata, na mwaka 2021 mwanamitindo Linda Evangelista alijitokeza hadharani kueleza yaliyompata. Tatizo ni la nadra, na kwa unadra huo halingeweza kuonekana katika jaribio la watu mia moja au mia mbili. Anayetumia mashine mpya miaka ya mwanzo yumo ndani ya uchunguzi, hata kama hakuna aliyemwambia.

Leza ina kodi nyingine ya kulipa kisheria, na hii naipenda kwa sababu inalinda macho. Kanuni zilizotokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu mionzi zinaitaka kila leza ipangwe daraja la hatari ya mwanga wake, mbali na daraja lake la kifaa tiba. Leza nyingi za kutibu zimo daraja la 4, la juu kabisa. Mwanga wa nanomita 1060 hauonekani. Ukipotea na kuingia jichoni, lenzi inaukusanya hadi kwenye retina, na kope haifumbi kwa sababu jicho halikuona kitu cha kulishtua. Miwani ya kawaida ya jua haisaidii. Inatakiwa miwani iliyoandikwa urefu wa wimbi husika, kwa mtoa huduma na kwa mteja.

Yapo mengine ambayo kibali hakiyagusi. FDA haisimamii kazi ya daktari. Hilo ni la majimbo. Haisemi nani ashike kichwa cha leza wala amefunzwa kwa muda gani. Na mashine ileile inaweza kuwa na ruhusa ya jambo moja ikatumiwa kwa jingine: Julai 2018 mkuu wa FDA wa wakati huo, Scott Gottlieb, alitoa onyo kali dhidi ya leza zilizoruhusiwa kwa kazi nyingine za upasuaji lakini zikatangazwa kwa wanawake kama tiba ya kurudisha ujana ukeni, kazi ambayo hazikuwa na ruhusa nayo. Ulaya ilichelewa, kisha ikachukua hatua pana: kanuni yake ya mwaka 2017 iliviweka vifaa vya kupunguza mafuta chini ya sheria ya vifaa tiba hata kama vinauzwa kwa urembo peke yake.

Kwa anayeonyeshwa mashine Dar es Salaam au Nairobi, barua ya FDA haina nguvu ya kisheria. Hapa mwenye kauli ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Lakini barua hiyo ni nyaraka ya kusomwa, na mtu yeyote anaweza kuitafuta bure katika hifadhi ya FDA. Omba jina kamili la mashine na namba ya ruhusa. Ya 510(k) huanza na herufi K, ikifuatwa na tarakimu sita, mbili za mwanzo zikiwa za mwaka ombi lilipopokelewa. Ya De Novo huanza na DEN. Ndani ya nyaraka kuna kipengele cha matumizi yaliyokusudiwa, aghalabu sentensi moja au mbili, kinachotaja sehemu za mwili moja baada ya nyingine, na mara nyingine aina ya mteja. Vya mwanzo vya SculpSure vilitaja tumbo na ubavu, kwa watu wenye BMI, yaani uwiano wa uzito na kimo, isiyozidi 30. Mapaja na mgongo viliongezwa baadaye kwa maombi mengine, na sehemu ya chini ya kidevu baada ya hapo.